Mjadala wa Riwaya za Simuni Unaishia Mlangoni

Kila inapokaribia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, hurudi lile lalamiko kwamba Watanzania hawasomi. Siku hizi lalamiko hilo limepata mwenzake: kwamba hata wale wanaosoma, wanasoma riwaya za mapenzi na za upelelezi kwenye simu, kisha wanabaki kubishana nani amemwacha nani, jambo ambalo eti halistahili kuitwa usomaji. Upande wa pili wapo wanaoyatazama makundi ya WhatsApp yaliyojaa watu wanaongojea sehemu ya kumi na tano ya simulizi fulani, wakatangaza kwamba usomaji umefufuka. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekodolea macho jambo lisilo lenyewe. Maoni ambayo wasomaji wa Mwanza na kwingineko wanapeana kuhusu riwaya wanazozisoma ni uhakiki wa haki, na mara nyingi ni mkali kuliko ule tuliofundishwa darasani. Kasoro yake haitokani na ladha ya wasomaji, wala na wepesi wa hadithi zenyewe. Inatokana na mahali ambapo mwandishi ameamua kudai fedha yake. Hadithi hutolewa bure hadi karibu na katikati, mlango hufungwa, na mjadala wa hadharani huishia hapo mlangoni. Matokeo yake tumepata umma wa wasomaji waliobobea katika kuhukumu mianzo ya riwaya, ambao hawajapewa nafasi ya kuhukumu miisho.

Utaratibu wenyewe umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuhoji. Mwandishi, ambaye mara nyingi ni kijana asiye na mchapishaji wala mhariri, hufungua kundi la wazi na kuanza kurusha simulizi yake kwa sehemu, kila sehemu ikikatwa pale ambapo mlango unagongwa au bastola inaelekezwa. Wasomaji hulalamika kwamba wameachwa na arosto, yaani kiu ya kutaka kujua kinachofuata, na malalamiko hayo ndiyo biashara yenyewe. Baada ya sehemu kadhaa huja tangazo: anayetaka kuendelea atume fedha kwa namba fulani, elfu moja au elfu mbili, naye ataingizwa kwenye kundi la kulipia. Wengi hawatumi. Si kwamba waliichukia hadithi, ila fedha hiyo ni bando la siku kadhaa, na kwa mama anayeuza dagaa Mwaloni au kijana wa bodaboda wa Igoma, bando ndilo litakalomwezesha kuianza hadithi nyingine, ambayo nayo itaanza bure. Mtu wa namna hiyo anaweza kusoma mianzo mingi kwa mwaka, akawa na maoni mazito juu ya kila mmoja, na asijue hata hadithi moja iliishaje.

Riwaya pendwa ya Kiswahili, yaani ile ya kusisimua na kuburudisha, haikuzaliwa kwenye simu, na kila zama ilikuwa na mahali pake pa kulipia. Faraji Katalambula alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba alipomleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, msomaji alilipa mara moja, mwanzoni, akaondoka na hadithi nzima. Kitabu kimoja kilizunguka bweni zima hadi jalada likalegea, na kila aliyekizungumzia alikuwa amefika ukurasa wa mwisho, au angalau njia ya kufika ilikuwa wazi kwake. Baadaye, magazeti binafsi yalipoongezeka katika miaka ya 1990, hadithi za mfululizo zilihamia humo. Eric Shigongo, mwenyeji wa Buchosa ng'ambo ya ghuba yetu ya Mwanza, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa huko, ni miongoni mwa waliojijengea jina kwa njia hiyo. Hapo msomaji alilipa kidogo kidogo, bei ya gazeti, na gazeti moja lilitosha kijiwe kizima. Aliyekosa toleo la wiki alisimuliwa na kinyozi wake. Malipo yalikuwa yametawanywa sawasawa kutoka mwanzo hadi tamati, kwa hiyo mazungumzo nayo yaliandamana na hadithi hadi tamati. Simu imebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Imefupisha muda kati ya maandishi na jibu la msomaji, kiasi kwamba leo maoni humfikia mwandishi kabla hajaandika sehemu inayofuata. Na imeuhamisha mlango wa malipo kutoka mwanzoni hadi katikati. Badiliko la kwanza limezungumzwa sana. La pili halitajwi, ingawa ndilo zito zaidi.

Tuanze na ubora wa maoni yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayodharauliwa kwanza. Katika simulizi moja niliyoifuatilia, mwandishi alimpeleka mhusika wake ziwani kuvua dagaa usiku wa mbalamwezi, akampa maneno matamu ya kuusifu mwezi ulivyotanda juu ya maji, huku nyumbani mkewe akimfungulia mlango mtu asiyepaswa kufunguliwa. Haukupita muda wasomaji wa kanda hii ya Ziwa wakamkamata. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa sababu mwanga wa taa ndio unaowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika wakishona nyavu. Kwa hiyo, akauliza mmoja, huyu bwana alikwenda wapi? Waliokuwa wakicheka wakanyamaza, kwa maana swali lilikuwa zuri kuliko hadithi. Wengine wakasema mwandishi amekosea tu, hajawahi kukanyaga mwalo wa wavuvi. Wengine wakasema hapana, ametutega: mume naye ni mwongo, ana kwake kwingine, na msomaji aliyemwonea huruma amehurumia mtu asiyestahili. Mwandishi hakujibu upande wowote, ila sehemu zilizofuata zilimwonyesha mume huyo akishuka katika nyumba ya pili. Sijui ni wahakiki wangapi wenye shahada ambao wangeona kwamba mwezi ulikuwa shahidi dhidi ya mhusika. Wauza dagaa waliona, kwa sababu walisoma hadithi wakiwa na ujuzi wa maisha yao mikononi, wakaitaka iwe kweli kwa kipimo hicho.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya wasomaji hawa ni ile isemayo kwamba wanachofanya ni umbea: wanawajadili wahusika kama majirani, wanampa huyu pole na yule laana, wala hawagusi sanaa. Anayesema hivyo amesahau riwaya zimeundwa kwa kitu gani. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe aliandika habari za Myombekere na Bugonoka, mtu na mkewe wasiojaliwa mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamrudisha kwao, na mume analazimika kwenda kuomba radhi kwa wakwe na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Je, wakwe walifanya haki? Mume alichelewa mno kumtetea mkewe? Anayeogopa maswali hayo kwa kuwa yanafanana na mazungumzo ya kisimani hataingia katika riwaya ile hata akiijua mila ya Kikerewe yote. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo, Ukerewe hiyo hiyo, alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kilichowasha moto hakikuwa muundo wa sura wala matumizi ya tamathali. Watu waligombania mwenendo wa Rosa, binti aliyechungwa kwa kipigo na baba mlevi, kisha akapelekwa shule mjini Mwanza na kukuta uhuru asiojua kuutumia: kosa ni la nani, la baba, la binti, au la wanaume waliomzunguka? Kitabu kikazuiwa kutumika shuleni kwa muda, na baadaye kikaingizwa katika orodha ya vitabu vya kusomwa. Waliokizuia na waliokitetea wote walikuwa wakijadili wahusika kama majirani, wala hakuna aliyewaambia kwamba wanafanya umbea.

Shule kwa upande wake ina la kujibu. Tumefundishwa kuikata riwaya katika fani na maudhui, fani tukaigawa katika muundo, mtindo, wahusika, mandhari na lugha, maudhui tukayagawa katika dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo, kisha tukajibu swali la mtihani kwa kutumia vitabu viwili. Sina ugomvi na istilahi hizo, kila fani ina zana zake. Ugomvi wangu ni kwamba zinaweza kutumika bila kusoma. Mwanafunzi akipata desa, yaani muhtasari wa kukariri, lenye dhamira nane na mifano yake, anaweza kupata alama nzuri kuhusu kitabu ambacho hajakifungua, na kila mwalimu wa Kiswahili kutoka Nyegezi hadi Nansio anawajua wanafunzi wa aina hiyo kwa majina. Katika kundi la simulizi jambo hilo haliwezekani. Anayetoa maoni bila kusoma hubainika mara moja, kwani wenzake humuuliza habari ya barua iliyofichwa chini ya godoro na yeye hana la kusema. Mwalimu ambaye angeanza kipindi kwa kuuliza kama baba yake Rosa anastahili kusamehewa, na akawaacha darasa wagombane kwa dakika ishirini kabla ya kutaja neno dhamira, angegundua upesi nani amesoma na nani amekariri.

Hoja ya lugha nitaipitia kwa haraka, kwa sababu ni ya kweli na haina mjadala mrefu. Simulizi nyingi za simuni zimejaa makosa ya tahajia, herufi r na l zinapishana, nafsi zinabadilika katikati ya sentensi, na kuna wahusika ambao hubadilishwa majina bila taarifa. Hizo ni kasoro za kukosa mhariri. Hata mswada wa mwandishi mkubwa ungetoka hivyo kama ungetoka moja kwa moja kutoka kidoleni mwake usiku wa manane.

Hoja nzito zaidi ni ile ya waandishi wenyewe: kwamba wasomaji wanawaharibia kazi. Mwandishi akitaka kumuua mhusika, yanamiminika maombi. Akimwacha dada wa kazi aolewe na tajiri, watu wanafurahi na kutaka hadithi nyingine kama hiyo. Na ile kanuni ya mabanda ya video, kwamba stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi, inageuka kuwa sheria. Hili ni kweli, nami nimeona hadithi zilizoanza kwa ujasiri zikilainika siku baada ya siku hadi zikafanana na jirani zake zote. Hata hivyo inafaa kuuliza shinikizo hilo huwa kali wakati gani. Huwa kali kabla tu ya mlango wa malipo, pale ambapo mwandishi hawezi kumuudhi mtu aliyeshika simu akifikiria kama atume au asitume. Katika makundi ya kulipia niliyowahi kuingia sauti ilikuwa nyingine kabisa. Walioshalipa waliweza kuvumilia kifo cha mhusika wanayempenda, hata wakasifu namna kilivyoandikwa. Walichokataa kukivumilia ni mwisho wa kukimbizwa. Mwandishi umechoka, waliandika. Sehemu tatu zilizopita umetembea, leo unaruka. Yule mtoto aliyepotea stendi umemsahau? Huo ndio uhakiki ambao mwandishi mchanga anauhitaji kuliko sifa zote za mwanzo, nao unasomwa na watu wachache waliofungiwa chumba kimoja, wala hauwafikii wale mamia waliobaki nje, ambao ndio watakaompokea atakapokuja na hadithi mpya.

Kwa upande wa watetezi, hoja inayorudiwa zaidi ni ile ya ngazi: waacheni wasome chochote, wakizoea watapanda hadi kwenye vitabu vizito. Inapendeza kuisikia, lakini inakubali kimyakimya kwamba wanachosoma sasa hakina thamani mpaka kiwafikishe kwingine, na mimi sioni kwa nini tukubali hilo. Mipaka kati ya riwaya pendwa na ile nzito inayoitwa dhati haijawahi kutulia. Hussein Tuwa ni mwandishi wa riwaya za kusisimua, na Mfadhili yake, ambayo ni hadithi ya mapenzi, imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita sambamba na Kufikirika ya Shaaban Robert. Isitoshe, ngazi huhitaji kuegemezwa mahali. Anayetafuta riwaya ya Kiswahili katika maduka ya vitabu ya mjini Mwanza atakutana kwanza na vitabu vya kiada, kisha vya dini, kisha vile vya kumfundisha namna ya kuwa tajiri, na akiuliza riwaya ataonyeshwa zile zilizoko kwenye mtaala. Ipo Maktaba ya Mkoa, na wanaoitumia zaidi ni wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Msomaji wa simulizi akitaka kupanda, mara nyingi hana pa kuweka mguu.

Basi turudi mlangoni. Kama mahali pa malipo panafundisha kitu, pamewafundisha waandishi kuandika mianzo. Jina la mwandishi hujengwa na sehemu za bure, maana ndizo zinazosomwa na wengi, ndizo zinazorushwa kutoka kundi hadi kundi, na ndizo zinazojadiliwa kwenye daladala na saluni. Sehemu za mwisho hazimwongezei sifa wala hazimpunguzii, kwa kuwa walioziona ni wachache na fedha yao imekwisha kupokelewa. Mwandishi mwenye akili ya biashara ataweka nguvu zake pale zinapolipa, na ndivyo wanavyofanya: fumbo hufungwa kwa ustadi mkubwa na kufunguliwa kwa uvivu, au halifunguliwi kabisa, kwani kabla hadithi moja haijaisha nyingine imeshatangazwa. Wapo wanaoona katika haya ushahidi kwamba kizazi hiki hakina subira ya kuandika riwaya kamili. Mimi naona watu wanaoitikia soko walilolikuta, na soko hilo halimwulizi mtu yeyote hadithi iliishaje.

Ni lazima nikiri kwamba mwandishi hakuuweka mlango katikati kwa ubaya. Anapaswa kula. Akiirusha hadithi yote bure hapati kitu. Akiiuza nzima mwanzoni hakuna atakayemnunua mtu asiyemjua. Na akimuuzia mmoja nakala kamili, kesho ataikuta kwenye kundi jingine ikiwa na jina la mtu mwingine juu yake, bila hata koma kubadilishwa. Kugawa hadithi vipande kunamlinda kidogo dhidi ya wizi huo. Ila ipo njia ambayo wachache wameanza kuijaribu na inastahili kufikiriwa zaidi, nayo ni kuuza muda badala ya mwisho: anayelipa anasoma leo, asiyelipa anasoma wiki kadhaa baadaye, lakini wote wanafika tamati, na tamati inajadiliwa mahali pa wazi. Wasiwasi wa kwamba hakuna atakayelipa ikiwa mbele ya safari atasoma bure unapuuza arosto, ambayo ndiyo bidhaa halisi inayouzwa hapa. Mtu aliyeachwa mlango ukigongwa hataki kungoja mwezi. Sina hakika kwamba mapato hayatapungua mwanzoni. Nina hakika kwamba mwandishi ambaye miisho yake inajulikana atakuwa na kitu cha kuuza katika hadithi ya pili, na wasomaji wake watakuwa na sababu ya kumlipa isiyokuwa papara peke yake.

Jambo hili linazihusu pia taasisi zinazotaka kukuza uandishi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotangaza washindi wake wa kwanza Aprili 2023, imewapa waandishi sababu ya kumaliza miswada, na hilo ni jema. Lakini mswada unaopelekwa kwa majaji haujapita mikononi mwa wasomaji, na simulizi iliyopita mikononi mwa wasomaji haiwi mswada, kwa sababu imetawanyika vipande vipande, haijahaririwa, na mwisho wake ulikimbizwa. Kitereza aliumaliza mswada wake wa Kikerewe mwaka 1945 na ukachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Alikuwa na riwaya kamili ya vizazi viwili na hakuwa na wa kumsomea. Waandishi wa simuni wana wasomaji tele na hawana riwaya kamili, na kazi zao hazina nakala ila kwenye simu za watu, ambako hufutwa kumbukumbu ikijaa. Kukusanya sehemu zote za simulizi iliyokwisha, kumpa mwalimu wa Kiswahili aisahihishe, kuchapa nakala chache katika steshenari yoyote ya mjini na kupeleka moja Maktaba ya Mkoa ni kazi isiyohitaji mfadhili. Anayeanza na hilo aweke mwishoni mwa kitabu kurasa kadhaa za maoni ya wasomaji wake, yakiwemo yale ya waliomwambia kwamba amekimbiza mwisho, na aseme ni yapi aliyafuata alipoandika upya.